Naomba ushauri: rangi imeziba nakshi za mlango wa bibi

Assalaam alaykum ndugu zangu. Nyumba yetu ya urithi ipo Mji Mkongwe, Unguja, na mlango wake ni wa msaji, wa kuchongwa. Mwaka jana fundi tuliyempa kazi aliupaka rangi ya mafuta, mikono miwili, mpaka ndani ya nakshi. Roho imeniuma mno. Minyororo ya kwenye miimo imejaa rangi, magamba ya samaki chini ya mfaa (ule ubao wa katikati ya mlango) hayaonekani tena, na ile aya ya juu, ukiipitisha kidole, ni kama unapapasa ukuta. Kwenye msikiti wa kale wa Kizimkazi Dimbani, maandishi ya Kufi (hati ya kale ya Kiarabu) ya mwaka 1107 bado yapo kwenye mawe ya matumbawe, sisi ya kwetu tumeyaziba wenyewe!

Kuna aliyeniambia nipige msasa. Naogopa: ncha za maua ya yungiyungi ni nyembamba kama ukucha, zikilika hazirudi. Mwengine kasema dawa ya kutolea rangi.

Aliyewahi kusafisha mlango kama huu, ulitumia nini? Na baadaye nipake mafuta gani? Upepo wa bahari unaupiga moja kwa moja. Kibali naanzia Mamlaka ya Mji Mkongwe, au fundi kwanza?