Chungu ndani ya chungu, kinapooza kweli?

Mpenda_mboga
Habari zenu wakuu. Nyumbani hatuna umeme, mboga za majani zinanyauka siku ileile, nyanya zinaoza, chakula kikibaki usiku asubuhi kimeshachacha. Nasikia kuna ile ya chungu ndani ya chungu na mchanga wa maji katikati eti inapooza kama friji, ni kweli au stori tu? Na nyama na maziwa naweza kuweka humo? Aliyewahi kutumia anisaidie.

Fundi Vyungu
Kinapooza mkuu, ila kama friji hapana. Tafuta vyungu viwili vya udongo, kimoja kiingie ndani ya kingine ibaki nafasi ya vidole viwili vitatu kuzunguka. Cha nje kisiwe kimepakwa rangi wala kile cha kung'aa maana maji lazima yapenye. Weka mchanga chini, kalisha chungu cha ndani, jaza mchanga pembeni, mwagilia mpaka ulowe halafu funika na kitambaa kilicholowa, na uwe unaongeza maji asubuhi na jioni usikauke. Maji yakipenya na kuwa mvuke yanaondoka na joto, ndio siri yote. Mwalimu mmoja wa Nigeria, Mohammed Bah Abba, alivisambaza vijijini kaskazini mwa nchi yake miaka ya 1990 na akapewa tuzo ya Rolex kwa kazi hiyo, kwahiyo sio stori. Ila weka kivulini penye upepo!! Watu wanakificha kwenye kona ya jiko hewa haipiti halafu wanasema hakifanyi kazi. Na maji ya chumvi usitumie, yanaziba vitundu vya udongo.

Zuhura_K
Fundi kasema vizuri ila inategemea sana hewa ya unapoishi, kama ni ya unyevunyevu mvuke hauondoki na chungu hakipoi, utapoteza nguvu zako bure. Pima kwanza, funga kitambaa kilicholowa kwenye ncha ya kipimajoto, kipepee dakika chache, linganisha na kikiwa kikavu. Hapo kilipofika kikiwa na kitambaa ndio mwisho, chungu hakitashuka chini ya hapo. Tofauti ikiwa nyuzi 10 tengeneza haraka, ikiwa 2 au 3 achana nacho.

Mpenda_mboga
Asanteni sana. Kipimajoto sina dada Zuhura, na nyama je?

Zuhura_K
Basi angalia nguo ulizofua, zikikauka upesi hata kivulini hewa yako ni kavu, jaribu. Nyama, samaki na maziwa USIWEKE, naomba sana hasa kama kuna watoto. Bakteria wanazaliana vizuri kuanzia nyuzi 5 mpaka 60 na chungu hata kikipoa vipi bado kiko humo katikati. Nyama nunua ya kupika siku hiyo au ikaushe. Chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya masaa mawili, na wali ndio uwe makini zaidi maana kuna sumu ya bakteria ambayo hata ukiupasha moto mpaka uchemke haitoki, bora upike wa kutosha mlo mmoja uishe.

Fundi Vyungu
Naongezea, vitunguu usiviweke humo vitaota na kuoza, vyenyewe vinataka pakavu penye hewa. Matunda yaliyoiva nayo yakae mbali na mboga za majani, yanatoa gesi inayozifanya ziwe njano haraka.