Renji ya magari makubwa ya umeme: watengenezaji walazimishwe kuandika kilomita za barabara kuu?

Mleta mada

Wakuu habari zenu. Hii mada nimekaa nayo muda mrefu, leo naiweka mezani tuijadili, maana naona watu wananunua magari makubwa ya umeme, haya ya kifahari, kwa kuangalia namba moja tu ya kwenye tangazo, kilomita mia saba na kitu kwa chaji moja (ndo renji yenyewe hiyo), alafu mwezi wa kwanza haujaisha wanaanza kulalamika kwamba wameuziwa betri mbovu. Betri nzima kabisa, shida ni ile namba ilivyopatikana.

Chukua Mercedes EQS 450+, sedani yao kubwa ya umeme. Ilipozinduliwa 2021 kule Ulaya ilitangazwa kwamba inafika hadi kilomita 770 kwa kipimo cha WLTP, kile rasmi cha Ulaya. Marekani, EQS 450+ yenye betri ileile ya kilowati-saa 107.8, kwa kipimo cha EPA, mamlaka yao ya mazingira, ikapewa maili 350, ambazo ni kama kilomita 563. Zaidi ya kilomita 200 zimeyeyuka na betri haijapungua hata punje. Sasa mnunuzi amwamini nani?

Ukiangalia WLTP yenyewe inavyofanyika utaelewa. Gari linapimwa maabara, mzunguko mmoja ni dakika 30, umbali kilomita 23 na kidogo, spidi ya wastani kama 46.5 kwa saa, ile 131 inaguswa kwa muda mfupi tu, joto nyuzi 23, AC imezimwa. Wachina na kipimo chao cha CLTC ndo wastani unashuka hadi kama 29 kwa saa. Hakuna mtu anayenunua sedani ya mita tano ili asafiri mikoani kwa wastani wa 46.

Mi mwenyewe naendesha moja ya hizi, tani mbili na nusu, kampuni siitaji. Safari moja niliondoka na chaji 100%, skrini inasoma 610. Nikaingia barabara kuu, nikaseti 125, mvua inanyesha na upepo unatupiga usoni. Nimetembea kilomita 150 naangalia skrini inasoma 355, chaji 62%. Yani nimetembea 150 nimekatwa 255. Mke wangu akazima hita ya kiti chake bila kuambiwa na mtu, mtoto huko nyuma anauliza kama tutafika. Nikashusha hadi 100, na hazikupita dakika kumi ile namba ikatulia, na tukafika. Lakini ile safari ya utulivu niliyolipia kwa hela nyingi sikuipata, nilikuwa naendesha huku macho yako kwenye asilimia.

Hoja yangu: sheria iwalazimishe waandike kwenye tangazo, kwa herufi kubwa sawa na ile namba yao, kilomita ngapi kwa spidi ya 120 mfululizo, na ngapi kwenye baridi ya nyuzi sifuri. Mnasemaje?

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu unayaonea magari ya umeme. Petroli nayo ni hivohivo, Tume ya Ulaya 2024 ilitoa ripoti baada ya kukusanya data kutoka kwenye magari yenyewe barabarani, ikakuta magari ya petroli na dizeli yanakunywa kama asilimia 20 zaidi ya kipimo cha WLTP, na zile haibridi za kuchomeka, zenye injini pamoja na betri ya kuchaji, ndo balaa, mara tatu na nusu. Kwahiyo kudanganywa tumedanganywa wote. Alafu kipimo cha maabara kazi yake ni kulinganisha gari na gari kwenye mazingira yaleyale, hakijawahi kuahidi safari yako wewe na mvua yako na upepo wako. Ukianza kutaka namba ya mvua, na mwingine atataka ya mlima, tutaishia na tangazo lenye kurasa kumi.

Mleta mada

Mkuu hapo kwenye kulinganisha nakubaliana na wewe, na hiyo ripoti ni kweli. Lakini tofauti ipo na ni kubwa. Injini ya petroli sehemu kubwa ya nishati inaipoteza kama joto, mjini inapoteza sana, ukiingia barabara kuu inafanya kazi vizuri zaidi kwahiyo ule mzigo wa upepo unafichwa. Gari la umeme halina pa kuficha kwasababu karibu kila kinachotoka kwenye betri kinafika kwenye magurudumu. Upinzani wa hewa unapanda kwa mraba wa spidi, ukitoka 90 kwenda 120 spidi umeongeza theluthi tu ila upinzani umeongezeka asilimia 78, na wote unaulipia palepale. Hata kupasha joto ndani ya gari, petroli unapewa bure kutoka kwenye injini, huku unachota kwenye betri ileile inayokusogeza.

Alafu ukiishiwa petroli dakika tano umejaza. Huku ukikosea hesabu unakaa nusu saa, tena kama umebahatika kukuta chaja yenye nguvu na haina foleni. Ndo maana kosa la asilimia 25 kwenye umeme linauma kuliko kosa hilohilo kwenye petroli.

Na sio mi peke yangu ninayeliona hili. Korea Kusini, Januari 2023, tume yao ya ushindani wa kibiashara iliipiga Tesla faini ya won bilioni 2.85 kwasababu haikuwaambia wanunuzi ipasavyo kwamba kwenye baridi renji inashuka, wao walikuta inaweza kushuka hadi karibu nusu. Kwahiyo inawezekana serikali kuingilia.

Mchangiaji wa pili

Kaka mi nina gari la aina hiyo mwaka wa pili sasa na naona unakuza mambo. Nachaji nyumbani usiku, asubuhi nimejaa, mjini napata kilomita nyingi kuliko zilizoandikwa kwasababu kwenye foleni kila nikikanyaga breki inarudisha umeme. Safari ndefu nafanya mara mbili tatu kwa mwaka. Kwanini gari lihukumiwe kwa siku tatu badala ya siku 360?

Na kwenye hiyo EQS, jarida la Car and Driver la Marekani waliitembeza 450+ kwa spidi ya maili 75 kwa saa, hiyo ni kama 120 unayoitaka wewe, ikaenda maili 400, yani kilomita 644. Imepita ile ya EPA! Kwahiyo haohao unaosema wanadanganya, kwa kipimo kingine wamejipunja.

Mleta mada

Dada nashukuru sana kwa huo mfano maana ndo unanisaidia. Jarida limeweza, kwa gari moja na barabara moja, kutoa namba ambayo msafiri anaweza kuitumia, sasa kampuni yenye viwanja vyake vya majaribio inashindwaje? Kama gari lao ni zuri kwenye 120 litangazwe hivo na wapate sifa wanayostahili. EQS imechongwa kukata upepo kuliko karibu kila gari, namba yake ya upinzani wa hewa ni 0.20 (ikiwa ndogo ndo nzuri), lazima ifanye vizuri. Anayeumia ni yule aliyenunua gari lenye umbo la kabati akidhani 25% ya kupungua ni sawa kwa wote. Mercedes haohao wana G 580 ya umeme, betri kilowati-saa 116, kubwa kuliko ya EQS ile ya 2021, gari lina tani tatu na ushee, na hata WLTP yenyewe inaipa hadi kilomita 473 tu. Betri kubwa haishindi upepo.

Kuhusu mjini, uko sahihi kama hali ya hewa ni nzuri. Kwenye baridi geuza hesabu. Hita ikila kilowati 3 huku unatambaa kwa 20, hizo ni kilowati-saa 15 kwa kila kilomita 100, karibu sawa na zinazotumika kulisogeza gari lenyewe. Pampu ya joto, inayovuta joto la nje badala ya kulitengeneza kwa umeme, inapunguza, na kupasha gari likiwa bado limechomekwa kunasaidia sana, ila ni wangapi wanaambiwa hivo shorumu?

Mchangiaji wa tatu

Hii mada imepitwa na wakati wakuu. Julai 2025 Lucid Air Grand Touring, sedani ya umeme ya kampuni ya Lucid ya Marekani, ilitembea kilomita 1,205 kwa chaji moja, St. Moritz Uswisi mpaka Munich Ujerumani, Guinness wakaiandika kwenye rekodi za dunia. Zaidi hata ya WLTP yake ya 960. Mnabishania nini tena?

Mleta mada

Mkuu nawavulia kofia Lucid, wale mainjinia ni wa hali ya juu. Ila angalia ramani. St. Moritz iko kama mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, Munich kama 520. Gari la tani mbili na nusu hivi likishuka mita 1,280 linapewa na mlima karibu kilowati-saa 8 au 9, na kwa matumizi waliyoendesha nayo, chini ya kilowati-saa 10 kwa kilomita 100, hiyo peke yake ni kama kilomita 80 na zaidi. Na matumizi ya chini ya 10 huyapati kwa mwendo wa 120, unayapata kwa mwendo wa kunyata.

Kuna kitu kingine kutoka kwa hawahawa Lucid ambacho nakiona cha maana kuliko rekodi. Air Dream Edition Range ya 2021 yenye rimu za inchi 19 EPA waliipa maili 520, weka rimu za inchi 21 zinakuwa 481. Maili 39, kilomita 63, zimeondoka kwasababu ya rimu tu! Na muuzaji anakuwekea zile kubwa kwasababu zinapendeza, ila namba anayokutajia mdomoni ni ya zile ndogo.

Mchangiaji wa kwanza

Sawa mleta mada, kwenye rimu umenipata, hilo liandikwe kwa kila gari linalouzwa. Ila mi bado siungi mkono sheria ya namba tatu nne, watu watachanganyikiwa. Sasa mtu anayetaka kununua wiki ijayo, sheria haipo, afanyeje?

Mleta mada

Aombe kuliendesha kabla ya kulipa, na asikubali kuzungushwa mtaani. Aingie barabara kuu, arudishe kile kipimo cha safari kwenye sifuri, aseti 120, aende kilomita 20 na kurudi 20 kwa njia ileile ili kama kuna upepo mmoja wa kwenda uufute wa kurudi. Alafu asome matumizi kwa kilomita 100. Tuseme imesoma kilowati-saa 21 na betri ni 107.8, gawanya betri kwa 21 alafu zidisha kwa 100, unapata kama kilomita 513 kutoka 100% mpaka gari lizime.

Na hapo bado, kwasababu safarini hakuna anayeanza kila kipande na 100% wala anayefika na sifuri. Chaja inaenda kasi mpaka 80% alafu inapungua, na ukifika 10% unatafuta nyingine, kwahiyo baada ya kituo cha kwanza unatumia asilimia 70 tu ya betri. Asilimia 70 ya 513 ni 359. Mtu ameona 770 kwenye tangazo, anapanga vituo vyake vya kuchaji kwa 359. Mi nilipanga kwa ile ya kwenye tangazo.