Wakuu, naomba ushauri: kusafirisha mlango wa kuchonga kutoka Ahmedabad mpaka Dar

Kibwana wa Makorora:
Wakuu salaam. Niko Ahmedabad, India, nimemleta mjomba hospitali. Anaendelea vizuri, tunasubiri daktari atoe ruhusa. Katika kuzungukazunguka mji wa kale nimepata mlango wa kuchonga, msaji mtupu, na fremu yake, maua mpaka juu. Bagamoyo namalizia nyumba ya wageni na huu mlango nimeupenda kufa. Naomba mwenye uzoefu anisaidie: kuchangia kontena kutoka bandari ya Mundra mpaka Dar inakuwaje? Na forodha kwetu wanauhesabu fanicha au mbao? Muda wenyewe ni wiki hii, usingizi sipati.

Mzee wa Mizigo:
Kontena la kuchangia lipo, tafuta wakala anayekusanya mizigo. Mbao watakudai cheti cha kufukiza dawa ya wadudu. Ila kabla hatujafika huko, mlango una umri gani?

Shangazi Mkali:
Mgonjwa yuko kitandani, wewe unazurura unachagua milango! Hela ya nani hiyo? Isije ikawa ni michango ya ukoo.

Kibwana wa Makorora:
Shangazi, hela ni yangu, matibabu yalishalipwa. Mzee wa Mizigo, si wa kale kihivyo. Kwenye kizingiti cha juu wamechonga mwaka kwa tarakimu zao, nikapiga picha, kijana wa mapokezi hotelini akanisomea: 1958. Na dalali kasema atapiga randa hapo penye namba, apake mafuta, uonekane mpya. Turudi kwenye kontena jamani.

Tule Kwanza:
Ahmedabad umenikumbusha mbali. Nilimpeleka mama huko. Jioni nikichoka kukaa wodini nakwenda Manek Chowk. Mchana pale ni masonara watupu, jua likizama wanafunga, zinatandazwa meza za vyakula mpaka usiku wa manane. Kuna sandwichi wanaweka chokoleti halafu wanaikunia jibini juu. Nilicheka, nikaila, kesho yake nikarudi. Mlango sijui lolote, endeleeni.

Mvita Damu:
Nilisomea usanifu majengo mji huo huo, kwa hiyo nivumilieni. Ndugu yangu Kibwana, mlango wa 1958 ni halali kuuza na kusafirisha. Basi dalali anapigia nini randa?

Nikwambie. Milango ya zamani ya Gujarat haiandikwi mwaka wetu huu, inaandikwa wa Vikram Samvat, ambao uko mbele kwa miaka 56 au 57 kutegemea mwezi. 1958 yao inaanza mwishoni mwa 1901 na kuingia 1902. Mlango wako umepita miaka 120.

Sheria yao ya mambo ya kale ya 1972 inasema kitu cha miaka 100 na zaidi hakitoki nchini kwa mkono wa mtu binafsi. Na imetaja wazi kabisa vitu vilivyobanduliwa kwenye majengo. Ukikamatwa ni jela kuanzia miezi 6 hadi miaka 3, na faini juu yake. Kitu kikitiliwa shaka unatakiwa upate cheti cha Idara ya Akiolojia, ASI, kwamba si cha kale. Hicho cheti wewe hupati.

Sasa nijibu: huo mlango umeuona bohari, au bado uko ukutani?

Kibwana wa Makorora:
Aisee, hilo la mwaka sikulijua.
Upo kwenye nyumba, ndani ya pol, hii mitaa yao yenye lango moja na vichochoro. Lakini nyumba yenyewe inakwenda kubomolewa! Ni ya ndugu wanne, watatu wameshahamia ng'ambo ya mto, huyu mmoja ndiye anauza. Nisipouchukua mimi atauchukua mwenye hoteli, au utapasuliwa kuni. Mimi nauokoa. Na kishika nimeshatoa, rupia elfu arobaini, hairudi.

Shangazi Mkali:
Kumbe! Ulikuja kuomba ushauri au baraka?

Jino la Pembe:
Nauokoa 🤣🤣 Hata mwizi wa kuku anamwokoa kuku na kicheche.

Mvita Damu:
Nyumba zote za mtaa zikibanduliwa milango, nguzo na roshani kwa hoja hiyo, mtaa unabaki matofali. Mji huo ndio wa kwanza India kuingia Urithi wa Dunia wa UNESCO, 2017, na kilichouingiza ni hizo pol: vibaraza vya kukalia mbele ya nyumba, mnara wa kulishia ndege pale njia zinapokutana, na mbao zilizochongwa. Nani anaishi humo sasa hivi?

Kibwana wa Makorora:
Kuna bibi yuko ghorofani. Mama yao. Dalali anasema bibi atahamishwa.

Mpiga Ramli:
Wakuu, hii chai. Mada ilianza na forodha, mara kuna bibi, mara kuna ndugu wanne. Kesho atatuletea mzimu. Picha hakuna. Na huyu huyu si ndiye mwezi uliopita alikuwa Kilosa analima vitunguu?

Jino la Pembe:
Chai ya maziwa na masala, maana iko India.

Kibwana wa Makorora:
Vitunguu ni vya mdogo wangu, tunatumia akaunti moja. Picha siweki, mwenye nyumba atajulikana.

Mpiga Ramli:
Basi Mvita amuulize kitu kisicho kwenye mtandao.

Mvita Damu:
Sawa. Ukishapita mlango unaingia uani. Katikati ya ua kuna nini?

Kibwana wa Makorora:
Sakafu ya mawe, na pembeni si katikati, kuna mfuniko mdogo wa shaba, unaingia ndoo tu. Chini ni tangi, maji ya mvua yanashuka kwa bomba kutoka paani. Bibi alifunua, akateremsha kopo kwa kamba, akanipa ninywe. Maji baridi, hayana ladha ya chumvi. Alinionyesha kwa ishara kwamba mvua ya kwanza wanaiacha ipite, inaosha paa. Mlango wenyewe upande wa kulia, usawa wa kiuno, maua yamelika, yamekuwa laini kwa kushikwa.

Mvita Damu:
Yupo kweli. Hilo tangi ndilo lenyewe.

Mpiga Ramli:
Nimenyoosha mikono. Ila maji ya bibi umeyanywa halafu mlango wake unaung'oa.

Binti Forodhani:
Jamani mbona mnamkaba? Unguja milango ya Kigujarati tunayo tele, ile ya vibao vya mraba inayokunjwa katikati, na mafundi wachongaji wapo mpaka leo. Mpe fundi msaji mpya, mchoro mchague, jina lako lichongwe juu. Kama lazima utoke na kitu cha Ahmedabad, nenda kwenye msikiti wa Sidi Saiyyed, ulikamilika 1573, na aliyeujenga asili yake ni Mhabeshi. Dirisha lake la mawe limechongwa mti wenye matawi yanayosokotana, jiwe limetobolewa kama kofia ya viua. Mwonyeshe fundi picha yake. Bure.

Kibwana wa Makorora:
Na kishika changu?

Mzee wa Mizigo:
Kishika umekila hasara, bei nafuu kuliko wakili. Mimi kontena siwezi kukutafutia kwa mzigo huo, na wakala yeyote mwenye akili atakukatalia.

Kibwana wa Makorora:
Kesho nakwenda kuongea na dalali. Sijasema nimeacha. Nasema nakwenda kuongea naye.

Jino la Pembe:
Mkuu, ukiacha, nitumie namba ya huyo dalali inboksi.