Muvi gani za miaka hii muziki wake unausikiliza hata bila picha?

mzee_wa_midundo
Wakuu habari zenu. Mi ni mtu wa muziki kwanza, muvi baadae, na ngoma nyingi nazorudia rudia siku hizi zimetoka kwenye muvi, yaani ikiisha tu naenda kutafuta nani katengeneza ule muziki.

Namba moja kwangu ni Ludwig Göransson, huyu Mswidi ananimaliza. Black Panther ya 2018 hakukaa studio akajibunia Afrika yake kichwani, alienda Senegal akazunguka na Baaba Maal, akarekodi tama, ile ngoma ya kwapani inayoongea, na ndo maana T'Challa, yule shujaa mwenyewe, akija unasikia tama inamuita kabla hata hujamuona. Killmonger, adui yake, nae kapewa filimbi ya Kifula, ile ambayo mpigaji anapuliza huku anatoa sauti ya koo, inasikika kama mtu mwenye hasira na kilio kwa pamoja. Fumba macho, bado unajua nani kaingia. Oscar ya 2019 alipewa na ilikuwa haki yake.

Ya pili ni Sinners ya 2025, muziki wake katengeneza yuleyule Göransson. Kijana Sammie anapiga gitaa na kuimba pale ukumbini, Mississippi mwaka 1932, mara wanaanza kutokea wapiga ngoma wa kale, mpiga gitaa la umeme, dijei, wote humohumo ndani ya wimbo mmoja. Asili ya blues, ule muziki wa Wamarekani weusi, na watoto wake wote umeoneshwa kwa dakika chache. Na yule dogo Miles Caton anayeigiza Sammie ndo muvi yake ya kwanza ile, sauti nzito hivyo anaitoa wapi jamani.

Haya nyie leteni zenu, na mseme kwanini, sio jina tupu.

BintiPleilisti
Kaka hapo kwenye tama niko na wewe, ila mimi zinazonibaki ni nyimbo zenye maneno. Lift Me Up ya Rihanna kwenye Wakanda Forever, mwendelezo wa Black Panther, 2022, mpaka leo siisikilizi nikiwa na watu. Alikuwa hajatoa ngoma yake mwenyewe kwa miaka halafu anarudi na wimbo mpole vile, hauna biti kubwa, hauna mbwembwe, anamuaga tu marehemu Chadwick Boseman aliyeigiza T'Challa. Tems, yule mwimbaji wa Nigeria, ni mmoja wa walioandika na ukisikiliza vizuri ule mtiririko wa sauti unamsikia kabisa. Pia What Was I Made For? ya Billie Eilish kwenye Barbie. Muvi nzima marangi na vicheko, alafu unaletewa hiyo, mtu analia hajui analia nini.

kimya_kimya
Mi natofautiana na nyie kidogo. Oppenheimer (2023) ni ya huyohuyo Göransson, na violini zake zinapanda kasi zinashuka zinapanda tena mpaka unajikuta unahema nazo. Lakini sehemu bora kuliko zote kwangu ni pale bomu linapolipuka kwenye jaribio la Trinity, lile la bomu la kwanza la nyuklia, muziki unakata, unaona moto tu na pumzi za watu, kishindo kinakuja baadae sana. Na ndivyo ilivyo kweli, mwanga unafika kabla ya sauti. Mtunzi anayejua wapi aache kupiga namheshimu kuliko anayejaza kila sekunde, na muvi nyingi za mapigano siku hizi zinajaza kila sekunde mpaka masikio yanachoka. Kwahiyo mkuu hiyo ya kusikiliza bila picha kwangu haitoshi, ule ukimya ukiutoa kwenye picha hamna kitu umebaki nacho.

Neti_na_Biti
Spider-Verse zote mbili, zile katuni za Spider-Man!! Ile ya 2018 Miles Morales anaimba Sunflower kavaa hedifoni na maneno hayajui anamumunya tu, hapo hapo nikampenda, maana ndo sisi wote. Ya 2023 prodyuza Metro Boomin kasimamia albamu nzima. Na mdundo wa yule adui Prowler, uliotungwa na Daniel Pemberton, ule mlio kama tembo kajeruhiwa, mi nikiusikia usiku nageuka kuangalia nyuma.

mzee_wa_midundo
@Neti_na_Biti ule wa Prowler unatisha kweli, na mwisho wa ile ya pili ukilia tena unajua kabla Miles hajajua, hapo ndo nasemaga muziki unaigiza.

@kimya_kimya hoja yako ya Trinity naikubali kabisa, ila ukimya ule umekaa vile sababu violini zilishatubana kifua muda mrefu. Jaribu kusikiliza albamu yake mwanzo mwisho kwa hedifoni, gizani, alafu uje useme kama bila picha hamna kitu.

BintiPleilisti dada yangu, hizo mbili nimeziweka tayari kwenye foleni, nianze na ipi?

BintiPleilisti
Anza na ya Billie. Ya Rihanna iache mpaka uwe peke yako.