Kipimo cha GJB2 hakikuonyesha hitilafu: je, uziwi wa binti yetu si wa kurithi?

Mama Nasra
Habari zenu ndugu. Binti yetu ana miaka mitatu, na ni kiziwi tangu kuzaliwa. Hakuugua homa ya uti wa mgongo wala manjano, na ujauzito wangu ulikuwa salama. Damu yake ilipelekwa nje ya nchi kupimwa jeni ya GJB2, na majibu yanasema haina hitilafu. Mume wangu nami tunasikia vizuri, ila ni mabinamu: mama mkwe wangu ni shangazi yangu, dada wa baba kwa tumbo moja. Yeye sasa anasema kwamba kama si la kurithi, basi nilikula kitu kibaya nikiwa mjamzito. Naomba anayefahamu anieleze GJB2 ni nini hasa, na kama majibu hayo yanatosha.

Mtu wa Maabara
Pole sana, dada. Jeni ya GJB2 iko katika kromosomu ya 13, na ndiyo yenye maelekezo ya kutengeneza protini iitwayo koneksini 26. Protini sita za aina hiyo hushikamana katika utando wa seli na kufanya nusu ya mfereji, na nusu hiyo ikiungana na nyingine ya seli jirani hupatikana njia nyembamba ya kupitisha ayoni (chembe zenye chaji ya umeme, kama za potasiamu) na molekuli ndogo. Sauti inapofika katika sikio la ndani, potasiamu huingia katika seli zenye vinyweleo, ndizo zinazohisi sauti, kisha hapana budi iondolewe hapo ili seli ziwe tayari kwa sauti inayofuata. Kwa muda mrefu wataalamu wameeleza kwamba mifereji hiyo ya koneksini husaidia kuirejesha.

Jeni hii ilihusishwa na uziwi mwaka 1997, na kwa watu wengi wenye asili ya Ulaya ndiyo chanzo kikubwa cha uziwi wa kurithi, hasa kwa badiliko la 35delG. Kwetu Afrika kusini mwa Sahara mabadiliko yake ni nadra, isipokuwa Ghana, ambako badiliko jingine, R143W, liligunduliwa katika kijiji cha Adamorobe chenye viziwi wengi na lugha yake ya alama. Kwa hiyo binti yako amepimwa jeni moja tu, tena ambayo si chanzo cha kawaida cha uziwi kwetu, ilhali jeni zinazojulikana kusababisha uziwi zinazidi 100. Majibu hayo hayaondoi urithi hata kidogo. Ombeni kipimo cha jeni nyingi kwa pamoja.

Mama Nasra
Ahsante sana. Inawezekanaje sote tunasikia?

Mtu wa Maabara
Kila mtu ana nakala mbili za jeni kama hizi, na nakala moja nzima hutosha kusikia. Ninyi mna babu na bibi wamoja, kwa hiyo inawezekana kabisa kwamba kila mmoja wenu amepokea kutoka kwao nakala ileile yenye hitilafu, wewe kupitia kwa baba yako na mumeo kupitia kwa shangazi. Ikiwa ndivyo, kila ujauzito una uwezekano wa asilimia 25 wa mtoto kuwa kiziwi, bila kujali waliotangulia. Chakula chako hakihusiki hapo.

Mwalimu wa Viziwi
Mama Nasra, nakusihi usisubiri majibu mapya ndipo uanze kuzungumza na mtoto. Miaka mitatu ni umri wa kujifunza lugha kwa kasi, na kila mwezi una thamani. Jifunzeni lugha ya alama nyumbani, shangazi akiwemo, hata kama baadaye mtachagua kifaa cha kupandikizwa sikioni.