Naombeni ushauri: nimebakiwa na nafasi moja ya mtihani chuoni Ujerumani, nikianguka nafutwa kwenye kozi

Fundi_Mitambo
Wakuu, habari za wakati huu. Naombeni ushauri, hasa kwa mliosoma au mnaosoma vyuo vya Ulaya, maana maji yamenifika shingoni.

Nasoma uzamili wa uhandisi wa mitambo mashariki mwa Ujerumani, mwaka wa pili. Masomo mengine nimefaulu, mengine vizuri tu. Linalonitesa ni moja la lazima, Regelungstechnik, yaani udhibiti wa mifumo. Nimelifanya mara mbili, zote nimepata 5.0. Kwa wasiojua, huku alama zinaenda kinyume: 1.0 ndiyo ya juu, 4.0 ndiyo ya mwisho ya kufaulu, 5.0 umeanguka. Kanuni za kozi yetu zinatoa nafasi tatu. Ya tatu ni Februari. Nikianguka nafutwa, na kozi hiyohiyo sitaruhusiwa kuisoma chuo kingine chochote cha Ujerumani. Kibali changu cha kuishi kinategemea masomo, kwa hiyo mnaona mambo yanakoelekea.

Ugumu si hesabu peke yake. Nafanya kazi kwenye ghala la vifurushi, zamu inaanza saa kumi alfajiri, nikitoka naunganisha darasani. Profesa akimaliza, ukumbi mzima unagonga meza kwa vidole, ndiyo makofi yao, kisha kila mtu anaondoka na watu wake. Msimu huu jua linachomoza baada ya saa mbili asubuhi na kabla ya saa kumi jioni limeshazama. Kuna wikiendi sauti yangu naisikia nikimwambia mhudumu wa dukani asante, basi.

Nyumbani hawajui lolote. Mama akipiga simu namwambia masomo yanaenda vizuri.

Nifanye mtihani Februari au niusogeze? Nihame kozi kabla sijafutwa? Na nyumbani niwaambie sasa au nisubiri matokeo?

Kaka_Msahihishaji
Pole sana mdogo wangu. Kabla ya yote nijibu hili: baada ya kuanguka, ulienda kuiona karatasi yako? Wanaita Klausureinsicht. Matokeo yakitoka hutangazwa siku ya kuangalia karatasi zilizosahihishwa, na wageni wengi hawaendi kwa kudhani ni ya kulalamikia alama tu.

Nilipokuwa nasoma huku nilifanya kazi ya kusahihisha kwenye idara, nakuambia nilichokiona mezani. Swali la alama kumi, jibu lenyewe linaweza kuwa na moja au mbili. Zilizobaki ziko njiani: umechora mfumo, umeandika mlinganyo wake, umeonyesha ulivyojua kwamba mfumo ni thabiti. Nilikuwa nakutana na karatasi safi kabisa, jibu limepigiwa mistari miwili chini, hatua hakuna. Mtu anaijua kazi na anapata alama tatu. Na mwingine jibu lake limekosewa mwishoni ila njia yote ipo, anapata saba. Inauma kumkata mtu wa kwanza, lakini msahihishaji anafuata mwongozo aliopewa.

Kwa hiyo tafuta mitihani ya miaka iliyopita. Umoja wa wanafunzi wa idara, Fachschaft, mara nyingi huihifadhi. Ifanye kwa kupima muda kama wa mtihani, huku ukiandika kila hatua hata ile unayoiona ya kitoto. Kama mnaruhusiwa karatasi moja ya fomula, iandike mwenyewe kwa mkono mapema, usinakili ya mtu.

Mpenda_Kanuni
Mkuu, soma Prüfungsordnung, yaani kanuni za mitihani, ya kozi yako, tena toleo la mwaka ulioanza, maana hubadilika. Kila chuo kina kanuni zake, usichukue za rafiki yako wa mji mwingine. Angalia mambo matatu. Kwanza, mwisho wa kujiandikisha na kujiondoa kwenye mtihani ni lini. Ndani ya muda huo vyuo vingi vinakuruhusu kujiondoa bila nafasi yako kuhesabiwa, ila baadhi vina masharti kwa anayerudia. Pili, kama kuna mtihani wa mdomo wa ziada kwa aliyeanguka nafasi ya mwisho. Vyuo vingine vinao, na umeokoa wengi. Tatu, kama umeugua siku ya mtihani, cheti cha daktari kinatakiwa mara moja. Ukishaingia ukafanya, kuja kusema baadaye ulikuwa mgonjwa ni kazi ngumu sana.

Kwenye kazi, sheria tangu Machi 2024 inampa mwanafunzi wa nje ya Umoja wa Ulaya siku nzima 140 au nusu siku 280 kwa mwaka. Kazi za usaidizi ndani ya chuo hazihesabiwi humo. Uliza idarani kwako, hata maabara inayohitaji mtu wa saa chache kwa wiki. Malipo si makubwa, ila hakuna zamu ya alfajiri.

Mtu_wa_Njia
Mimi ningehama nchi. Nenda Uholanzi au Poland uanze upya, mambo ya kufutwa hayatakufuata huko.

Mpenda_Kanuni
Na ada? Vyuo vya umma majimbo mengi ya Ujerumani havitozi ada. Uholanzi mtu wa nje ya Umoja wa Ulaya analipa maelfu ya yuro kila mwaka. Halafu viza upya, ushahidi wa fedha upya. Kuhama kozi humuhumu Ujerumani kunawezekana, lakini kufanyike kabla hajaanguka mara ya mwisho, kwa sababu chuo kipya huenda kikataka barua kwamba hajapoteza haki ya kufanya mitihani. Na aulize kwanza ofisi ya wageni.

Nuru_ya_Asubuhi
Mnazungumzia mtihani tu, mimi nimeona ile mistari ya wikiendi. Ndugu yangu, hilo si jambo dogo. Kulala vipande vipande, giza, na kukosa wa kuongea naye, vikikaa pamoja miezi vinamla mtu. Studierendenwerk, shirika lilelile la mabweni na mkahawa wa chuo, lina washauri wa kisaikolojia kwa wanafunzi, na sehemu nyingi huduma hiyo ni bure au karibu na bure. Wapo wanaohudumia kwa Kiingereza. Foleni inaweza kuwa ndefu, kwa hiyo andika leo.

Pia kuna jumuiya za wanafunzi za makanisa, ESG ya Kiprotestanti na KHG ya Kikatoliki. Hawachagui dini. Nyingi zina mfuko wa dharura kwa wanafunzi wa kutoka nje ya Ulaya waliokwama kifedha karibu na mitihani, na huwa na jioni ya kula pamoja. Mimi watu wangu wa huku nimewapata hapo.

Mama_wa_Watatu
Mwanangu, mimi sijasoma Ulaya, lakini nina mtoto anasoma mbali. Mficha maradhi kifo humuumbua. Mwambie mama yako sasa, wakati bado kuna nafasi na unaipigania. Habari ya "nina mtihani mgumu, niombeeni" mzazi anaibeba. Habari ya "nimefutwa tangu mwezi uliopita na sikukuambia" hiyo inamvunja. Na kama kuna fedha unatuma nyumbani, mweleze kwamba hadi Februari hutatuma. Atakuelewa kuliko unavyodhani.

Fundi_Mitambo
Nimesoma kila neno, asanteni sana. Mama yangu nimempigia jana usiku. Alinyamaza kidogo, akauliza kama nakula. Kisha akasema suala la fedha niliache hadi nimalize mtihani.

Kwenye kanuni nimekuta mtihani wa mdomo upo, ila kwa anayeomba ndani ya muda maalumu baada ya matokeo. Sikuwahi kulisikia kwa mtu. Ghalani nimeomba zamu za Jumamosi tu. Nimeamua kuufanya Februari, na Studierendenwerk nimewaandikia. Karatasi zangu sikuwahi kuziona. Tarehe za kuziangalia zimepita. Kaka Msahihishaji, kuna njia?

Kaka_Msahihishaji
Ipo. Usimwandikie profesa kwanza, mwandikie msaidizi wake anayeendesha mazoezi ya somo hilo. Barua pepe fupi: jina, namba ya usajili, kwamba Februari ni nafasi yako ya tatu, na unaomba kuangalia karatasi ya mwisho ili ujue pa kujiandaa. Alama usizitaje kabisa, asidhani unakuja kudai. Karatasi zinahifadhiwa, na wengi hukubali wakiona mtu anataka kujifunza. Asipojibu ndani ya wiki, nenda saa zake za kuonana na wanafunzi, zimeandikwa kwenye ukurasa wa idara. Nenda na zoezi moja ulilokwama, ukiwa umelifanya hadi pale uliposhindwa.