UZI WA MALALAMIKO: Wameunguza rangi ya Land Cruiser yangu nyeusi, wakaficha kwa mafuta, kisha wakanitoza fedha za seramiki

Ndugu wanajamvi, salaam.

Ninaandika nikiwa na hasira na sioni sababu ya kuificha. Gari ninalolizungumzia ni Land Cruiser 200, yale ambayo mtaani tunayaita V8, lenye rangi nyeusi ya chembe za mika, namba ya rangi 218 kama inavyosomeka kwenye kibao chake. Lilitoka bandarini Dar es Salaam likiwa na rangi ya kiwandani kila mahali, hakuna mlango wala bampa iliyowahi kupakwa upya, na hilo ndilo lililonifanya nilichague mbele ya mengine yaliyokuwa na bei nafuu zaidi. Nililipeleka kwenye karakana moja ya usafi na polishi hapa mjini, ambayo kwa sasa silitaji jina lake, likiwa na mikwaruzo midogo ya duara inayoachwa na vitambaa vya kuoshea, pamoja na alama nyeupe za maji ya kisima yenye chumvi. Haya ni matatizo ya kawaida kabisa, na fundi anayeijua kazi yake huyaondoa bila kuiumiza rangi. Nimerudishiwa gari lenye boneti iliyoungua, lenye michirizi ya mashine kuanzia boneti hadi mlango wa nyuma, na risiti ya shilingi 850,000.

Naomba nieleze kwa undani, kwa sababu nimechoka kuambiwa kwamba mteja analalamika kwa kutoelewa.

Rangi ya gari la kisasa, ukihesabu kuanzia praima, yaani rangi ya msingi, hadi juu kabisa, huwa na unene wa mikroni 100 hadi 150 hivi (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita). Katika hizo, klia, yaani tabaka la juu linaloangaza kama kioo, ambayo ndiyo inayobeba mng'ao wote na kuikinga rangi dhidi ya jua, ni kama mikroni 40 hadi 50 tu. Unywele wa mtu kwa kawaida ni mnene kuliko hapo. Kila fundi anapopiga kampaundi, yaani dawa ya kusugulia rangi, anakata sehemu ya klia hiyo, na kilichokatwa hakirudi kwa nta wala kwa dawa yoyote. Kwa hiyo swali la kwanza la kazi hii, kabla hata mashine haijachomekwa kwenye umeme, ni klia iliyopo ni kiasi gani, na swali hilo hujibiwa kwa kipimo cha unene wa rangi, kifaa kidogo kinachoshikika mkononi. Karakana iliyoandika ukutani kwamba ni ya kiwango cha kimataifa haina kifaa hicho. Nilipowauliza, kijana mmoja alinijibu kwamba wao hupima kwa macho. Mikroni haipimwi kwa macho!

Baada ya hapo wakachukua mashine ya mzunguko mmoja, ile ambayo pedi yake huzunguka mahali pamoja bila kuyumba, wakaifunga pedi ya sufu na kampaundi kali ya kufutia alama za msasa. Mashine hiyo si mbaya mikononi mwa anayeimudu, lakini hujaza joto mahali pamoja, na joto hilo ndilo linalounguza. Zipo mashine ambazo pedi yake huzunguka na kuyumba kwa wakati mmoja, ambazo hukata taratibu na haziunguzi kwa urahisi, na kwa mikwaruzo ya kuoshea kama iliyokuwepo kwenye gari langu hizo zingetosha kabisa. Fundi makini huanza na dawa laini kwenye eneo dogo la majaribio, akaangalia matokeo, na akapanda ngazi pale tu inapolazimu. Hawa walianza na kali kuliko zote, kwenye gari zima, huku likiwa nje ya banda na boneti ikiwa ya moto kwa jua la mchana, hali ambayo hukausha kampaundi kabla haijafanya kazi yake na kuigeuza kuwa unga unaokwaruza.

Sehemu za kingo na mikunjo ndizo zenye klia nyembamba zaidi, kwa kuwa rangi ikiwa mbichi huteremka na kuiacha kona ikiwa na kidogo. Ndiyo maana mafundi wa kweli hubandika utepe wa karatasi kwenye kila ukingo kabla ya kupitisha mashine, nao utepe huo ni wa bei ndogo sana. Kwenye gari langu hakukuwa na utepe hata mmoja. Leo ukisimama upande wa dereva na kuinama kidogo usawa wa taa, utaona kwenye mkunjo wa boneti mstari wenye urefu wa kiganja, umepauka, hauakisi chochote, na ukipitisha kidole unahisi pale ulaini unapoishia. Hapo klia imekwisha. Kinachoonekana ni rangi yenyewe ikiwa tupu, na jua letu halitaihurumia.

Hata hivyo, kinachoniuma kuliko kuungua kwenyewe ni kufichwa. Kosa la kazi humpata kila fundi, na angenieleza ningemsikiliza. Badala yake gari zima lilipakwa polishi ya mafuta, ile inayojaza mikwaruzo na kuifanya isionekane, nami nikakabidhiwa gari jioni, chini ya banda, likiwa linang'aa. Mafuta ya aina hiyo huondoka kwa kuoshwa. Baada ya kuoshwa mara chache na kuegeshwa juani, ikajitokeza ile michirizi mirefu inayocheza na mwanga kila unapohama hatua moja, ushahidi wa wazi wa pedi ya sufu ambayo haikufuatiwa na hatua ya kumalizia kwa pedi laini. Kwenye gari jeupe pengine ningeishi nayo bila kujua. Kwenye gari jeusi, tena kubwa kiasi hiki, kila mstari unaonekana kuanzia ng'ambo ya barabara.

Halafu ipo hiyo inayoitwa seramiki, dawa ya maji inayopakwa juu ya klia na kukauka kuwa ganda la kuikinga. Seramiki hushika kwenye klia iliyo safi kabisa, ndiyo maana kabla ya kuipaka ni lazima gari lifutwe kwa spiriti ya isopropili ili kuondoa mafuta yote. Wao walipaka mafuta ya kuficha makosa, kisha wakadai kwamba juu yake wamepaka seramiki, na gari likaruhusiwa kuondoka jioni ileile huku mvua ikinyesha, ilhali dawa halisi huhitaji saa nyingi za kukauka kabla haijaguswa na maji. Nikimwagia boneti maji leo, yanatandaa na kutuama. Hayajikusanyi matone na kukimbia. Kuhusu ile 9H waliyoniimbia, kwamba gari sasa haliwezi kukwaruzwa hata kwa jiwe, huo ni upotoshaji mtupu. 9H ni daraja la juu kwenye jaribio la ugumu linalotumia penseli, yaani risasi ya penseli ya daraja hilo haikuchora. Halihusiani na ugumu wa mawe hata kidogo, na kokoto moja ya barabarani itapita kwenye seramiki yoyote iliyopo duniani.

Nilirudi kwao kwa heshima, nikiwa na picha. Jibu la kwanza lilikuwa, "Bosi, gari nyeusi ndivyo zilivyo." Jibu la pili, kutoka kwa mwenye karakana mwenyewe, lilikuwa kwamba nililete wanipigie polishi tena bure. Ndugu zangu, huyu ni mtu aliyekwisha kukata klia hadi ikatoboka, na fidia anayonipa ni kuikata iliyobaki!

Fundi mwingine mwenye kipimo amenisaidia kupima. Paa, ambalo hawakulifikia vizuri kwa sababu ya urefu wa gari, linasoma mikroni 121. Milango inasoma kati ya 95 na 108. Mkunjo wa boneti unasoma 66. Ushauri wake ni kwamba boneti haina budi kupakwa upya, na kwa kuwa rangi ya mika hubadilika kulingana na pembe unayoitazama, huenda ikabidi rangi hiyo ififishwe taratibu hadi kwenye fenda zote mbili ili isionekane imeungwa. Siku nitakapouza, mnunuzi makini atapima, atakuta boneti na fenda zimepakwa, na ataamini kwamba gari liligongwa. Nitamwambia nini?

Madai yangu kwao ni mawili: warudishe fedha yote niliyolipa, na wagharamie upakaji wa boneti kwa fundi rangi nitakayemchagua mimi. Nimewaandikia barua. Wasipojibu nitapeleka malalamiko Tume ya Ushindani, kwa kuwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kumpotosha mlaji, na kumtoza mtu fedha za seramiki juu ya mafuta ya kufichia mikwaruzo sijui kungeitwaje kama si kumpotosha.

Kwa aliyewahi kufikisha shauri la aina hii Tume, naomba anieleze ni vielelezo gani vilimsaidia, na kama ripoti ya vipimo kutoka kwa fundi binafsi ilikubaliwa. Vilevile, anayemjua fundi rangi hapa Dar es Salaam anayeoanisha rangi namba 218 kwa umakini, na ambaye atakubali kupima mbele yangu kabla na baada ya kazi, tafadhali aniandikie hapa.